Umezoea IPSC, sasa unataka kujaribu IDPA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu ambao si wageni wa bastola. Wameshapiga mechi za IPSC (International Practical Shooting Confederation), wanajua kutoa bastola kwenye holsta, yaani mkoba wake wa kiunoni, taima inapolia, wanabadilisha magazini huku miguu ikienda. Kisha rafiki anawaalika kwenye mechi ya IDPA (International Defensive Pistol Association), na wakifika wanaona shabaha za kadibodi, kuta za mbao na afisa mwenye taima, vitu vyote wanavyovijua, lakini mchezo wenyewe unakwenda kwa namna nyingine. Nimejibu kama mtu anayependa mitindo yote miwili na anayetamani kila mpiga shabaha aionje yote. Vitabu vya kanuni hufanyiwa marekebisho, kwa hiyo pakua toleo linalotumika sasa na ulisome kabla ya kujiandikisha.

Kwa ufupi, IPSC na IDPA zinatofautiana wapi?

Hizi ni ndugu wa tumbo moja. IPSC ilizaliwa mwaka 1976 katika mkutano uliofanyika Columbia, Missouri, nchini Marekani, na Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza. Kaulimbiu yake ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, inataja usahihi, nguvu na kasi. Miaka ilivyokwenda kasi ilitawala. Bastola zikaundwa kwa ajili ya mashindano tu, na holsta zikawa za aina ambayo huwezi kuificha chini ya shati. Mwaka 1996 kundi la wapiga shabaha, wakiwemo Bill Wilson, Ken Hackathorn na Larry Vickers, likaanzisha IDPA ili kuwe na mashindano ya bastola na vifaa ambavyo mtu anaweza kuvivaa chini ya nguo kutwa nzima.

Tofauti nyingine zote zinatokana na hapo. IPSC inakuwekea shabaha na mistari ya kikomo, kisha inakuachia wewe uamue upite wapi na uanze na ipi. IDPA inakupa kisa: umekaa ndani ya gari, uko mezani, umeshika begi mkononi. Halafu inakupangia sehemu kubwa ya majibu, yaani ujikinge, upige kwa mpangilio uliowekwa, na usitupe risasi unazoweza kuzihitaji baadaye.

Nimeambiwa kinachowachanganya watu zaidi ni hesabu ya pointi. Inakwendaje?

Ni kweli, na kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, nakuomba liwe hili. Wengi hudhani kizibao cha kufichia bastola na kona za kuta ndizo zitakazowasumbua. Kinachowaangusha ni kupiga kwa mwendo ambao hesabu ya IPSC iliwafundisha kwamba ni sahihi.

Katika IPSC, jumla ya pointi zako hugawanywa kwa muda wako, na jibu lake ndilo hiti fakta. Eneo A, la katikati ya shabaha, lina pointi 5. Eneo C linalolizunguka lina pointi 4 kwa risasi za nguvu kubwa na 3 kwa za nguvu ndogo (kipimo cha nguvu nakieleza kwenye vifaa), na D, la nje zaidi, lina 2 na 1. Risasi ikikosa shabaha kabisa unakatwa 10, na ile 5 uliyokuwa uipate nayo imekwenda.

IDPA haigawanyi kitu. Unaandikiwa muda wako, kisha makosa yanaongezwa juu yake. Duara la katikati ya kifua lenye upana wa inchi 8, karibu sentimita 20, halina gharama, na duara dogo la inchi 4 kichwani vilevile. Nje ya hapo kuna eneo la kupoteza pointi 1, likifuatiwa na la kupoteza 3, na ukikosa kabisa ni 5. Zamani pointi moja iliyopotea ilikuwa nusu sekunde. Tangu mwaka 2017 ni sekunde nzima.

Sasa weka namba mezani. Steji, yaani zoezi moja la mechi, ina shabaha 6 na risasi 12, na unapiga milimita 9 inayohesabiwa kama nguvu ndogo. Mara ya kwanza unakwenda mbio na kumaliza kwa sekunde 8, matundu 9 yakiwa katikati na 3 yametoka nje kidogo. Mara ya pili unatulia na kumaliza kwa sekunde 9, matundu yote 12 yakiwa katikati. Katika IPSC mbio zile zinakupa pointi 54 kwa sekunde 8, hiti fakta 6.75, na utulivu unakupa 60 kwa sekunde 9, hiti fakta 6.67. Aliyekimbia ameshinda kwa unywele. Katika IDPA aliyekimbia anaandikiwa 8 jumlisha 3, yaani 11, na aliyetulia anabaki na 9. Tofauti ya sekunde 2 kwenye steji fupi kama hiyo ni pengo la kutisha.

Lielewe pia kwa upande huu. Katika IPSC bei ya kosa hubadilika. Kwenye steji ya karibu yenye hiti fakta 8, C moja ya nguvu ndogo inakugharimu kama robo sekunde. Kwenye steji ngumu yenye hiti fakta 2, C hiyohiyo ni sekunde nzima. IDPA ina bei moja siku zote, nayo inalingana na ile ya steji ngumu. Ndiyo maana huwa namwambia mgeni kutoka IPSC: leo kila shabaha ihesabu kuwa ya mbali, hata ile iliyo mita tatu.

Nikiona risasi imetoka pembeni, niongeze nyingine?

Steji nyingi za IDPA zinakuruhusu kupiga risasi za ziada, na matundu bora ndiyo yanayohesabiwa. Risasi ya ziada kwenye shabaha ambayo tayari unaiangalia inachukua robo hadi theluthi ya sekunde, na inaweza kufuta sekunde 1 au 3. Hesabu inasema piga. Katika IPSC kuirudia C kwenye steji ya kasi mara nyingi hakuna faida, kwa hiyo mkono wako umezoea kuiacha na kwenda zake.

Sharti ni moja: lazima ujue risasi ilikwenda wapi bila kutafuta tundu. Jicho likiona kilengeo cha mbele kilikuwa wapi wakati kinanyanyuka, au nukta nyekundu ilikuwa wapi mlipuko ulipotokea, uamuzi unafanyika hapohapo. Ukilazimika kungoja uone kadibodi, faida yote imeshaliwa. Na angalia maelezo ya steji, kwani zipo zinazohesabiwa kwa kikomo, ambapo risasi ya ziada inaadhibiwa.

Kumbuka vilevile kwamba magazini za IDPA zina kikomo cha risasi kulingana na divisheni, yaani kundi la aina ya bastola, na steji moja haidai zaidi ya risasi 18. Katika IPSC steji ndefu hufika 32. Kwa magazini ndogo, risasi mbili za ziada zinaweza kukusogezea mahali pa kubadilishia magazini kutoka ulipopanga hadi mbele ya shabaha uliyokuwa ukiiogopa.

Itabidi ninunue vifaa vipya?

Ukiwa unapiga IPSC katika divisheni ya Production, ile ya bastola za kawaida, yaelekea bastola uliyonayo inatosha. Bastola ya kawaida ya milimita 9 isiyofanyiwa marekebisho makubwa hupata nafasi katika divisheni za SSP (Stock Service Pistol) au ESP (Enhanced Service Pistol), na yenye nukta nyekundu huenda CO (Carry Optics). Bastola ya Open ambayo imeongezewa kila kitu haikukusudiwa kwa mchezo huu, iache nyumbani.

Risasi zako nazo zitapita. Kipimo cha nguvu ni uzito wa kichwa cha risasi kwa grein, mara mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Risasi ya grein 124 inayokwenda futi 1,100 kwa sekunde ina 136.4, na kiwango cha chini cha divisheni za milimita 9 ni 125 katika IPSC na IDPA pia. Mwenye kujaza risasi zake mwenyewe na kukaa karibu sana na 125 apime tena.

Penye shida ni kiunoni. Holsta iwe upande wa mkono unaotumia, ikae karibu na mwili, na ifichike chini ya nguo. Zile zinazoning'inia mbali na nyonga au kuinamisha kitako cha bastola nje hazikubaliki. Vifuko vya magazini vivyo hivyo vikae karibu na mwili, na idadi ya magazini za akiba ina kikomo, tofauti na ule mkanda wa IPSC uliozungukwa na magazini kila upande. Holsta ya plastiki ngumu na vifuko viwili vya kawaida vinamtosha mtu kuanza.

Na hicho kizibao, ni lazima?

Steji nyingi huanza bastola ikiwa imefichwa, kwa hiyo jiandae nacho. Kizibao chepesi kilicho wazi mbele ndicho rahisi kwa anayeanza.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Vidole vya mkono wa bastola vinagusa kifua au tumbo, karibu na ukingo wa kitambaa, kisha mkono wote unateleza kuelekea nyonga ukiwa unasukuma kitambaa nyuma. Kitambaa kinaruka, na mkono unarudi mara moja kushika kitako kabla hakijarejea. Ukichelewa, pindo linabanwa kati ya kiganja na kitako, nawe unanyoosha mikono ukiwa na bastola uliyoishika vibaya. Hapo ni bora kupoteza nusu sekunde kushika upya kuliko kupiga risasi sita kwa mshiko mbovu. Ukivaa shati lisilofunguka, mkono mwingine ndio unaolinyanyua, na unalinyanyua juu kabisa hadi kifuani.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kuirudisha bastola. Pindo la nguo, au ile kamba ya kubania kiuno cha jaketi, likiingia ndani ya holsta pamoja na bastola linaweza kukivuta kifyatulio. Kwa hiyo vuta kitambaa pembeni kwa nguvu, tazama mdomo wa holsta kwa macho yako, kisha irudishe taratibu. Taima imeshasimama, na hakuna anayepata chochote kwa kurudisha bastola haraka.

Naambiwa nijikinge nyuma ya ukuta. Kwenye mbao nyembamba ile, najikinga na nini?

Ukuta wa steji unachukuliwa kuwa kinga ya kweli, na kanuni zimejengwa juu ya dhana hiyo. Shabaha unazipiga kwa mpangilio zinavyojitokeza kutoka ukingo wa kinga, na hupaswi kujiweka wazi kwa inayofuata kabla hujamalizana na iliyotangulia. Tangu 2017 mistari ya kikomo ardhini ndiyo inayoamua kama umejikinga. Mguu ukigusa nje ya mstari huku unapiga, ni sekunde 3. Mabishano ya zamani kuhusu goti au bega lililoonekana yamepungua sana, na mimi nalishangilia badiliko hilo.

Mtu wa IPSC akifika kwenye kona hujirusha hadi mahali anapoziona shabaha zote tatu, kisha huzipiga kwa mpangilio anaoupenda. Hapa ifungue kona kidogo kidogo. Simama hatua moja au mbili nyuma ya ukingo, usiuegemee. Mikono imeshanyooka na bastola iko usawa wa macho. Sogeza mguu wa nje kwa nusu hatua. Litatokea bega la kadibodi, halafu sehemu ya kifua. Duara likionekana vya kutosha, piga mbili. Nusu hatua nyingine, shabaha ya pili. Ukiwa mbali na ukingo pembe hufunguka taratibu na unaona kwa wepesi, na mdomo wa bastola hautokezi nje ya ukuta. Ukiubana ukuta, utajikuta unapinda kiuno na uzito wote umekwenda kwenye mguu mmoja.

Kasi ya hapa imo miguuni. Mpiga shabaha mzuri wa IDPA hasimami kabisa kwenye kona. Anatiririka, na risasi zinatoka kila duara linapojitokeza. Wa IPSC anayejua kupiga huku anatembea atajifunza hili upesi kuliko mtu yeyote.

Na shabaha zikiwa wazi zote mbele yangu?

Ukiwa mahali pa wazi bila kinga, kwa kawaida iliyo karibu nawe hutangulia. Wakati mwingine maelezo yanadai mpangilio wa duru: kila shabaha ipate risasi moja kwanza, kisha urudi kumalizia. Kwa shabaha tatu utapiga moja, moja, mbili, halafu unarudi moja, moja. Ufundi si mgumu, lakini kichwa kilichozoea mbili mbili kinasahau mara tu taima inapolia. Ukiona steji ya hivyo, itamke midomoni mara kadhaa wakati unangoja zamu yako.

Kubadilisha magazini kuna nini cha ziada?

Katika IPSC unaidondosha magazini popote, iwe na risasi saba au haina kitu, mradi unahama kutoka kona moja kwenda nyingine. Katika IDPA magazini yenye risasi haiachwi chini. Una njia mbili. Ya kwanza ni kungoja bastola iishe kabisa, slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka) ibaki nyuma, ndipo udondoshe magazini tupu na kuingiza nyingine. Ya pili ni kubadilisha kabla haijaisha na kuihifadhi ile ya zamani mfukoni au kiunoni kabla hujaendelea kupiga.

Ushauri wangu kwa mechi za mwanzo: usihifadhi kitu isipokuwa steji imekulazimisha. Kuhifadhi kunakula muda, na mikono yenye haraka huiangusha magazini. Badala yake hesabu risasi na ujue slaidi itabaki nyuma ukiwa wapi. Wengine hupiga hata risasi ya ziada kwenye shabaha nzuri ili bastola iishe mahali panapofaa. Ukionekana unatupa risasi makusudi kwa ajili ya kujinufaisha, afisa anaweza kukuadhibu kwa kukiuka roho ya mchezo, kwa hiyo mimi siipendekezi njia hiyo.

Adhabu zipi huwakumba zaidi wanaotoka IPSC?

Kosa la utaratibu ni sekunde 3. Hili ndilo kubwa: kuvuka mstari, kupiga shabaha nje ya mpangilio, kuacha magazini yenye risasi, kusahau kwamba maelezo yalitaka mkono mmoja tu. Kumpiga asiyehusika, ile shabaha yenye alama ya mikono mitupu, ni sekunde 5. Juu ya hapo kuna sekunde 10 kwa kosa la wazi lililokupa faida kubwa, na 20 kwa aliyekataa kufuata mchezo kwa makusudi. Hizo mbili mtu mwungwana hazimhusu.

Linganisha sekunde 3 na chochote unachoweza kuokoa kwa kukimbia. Ukitoka holsta kwa sekunde 1.2 badala ya 1.6 umeokoa 0.4. Kosa moja la utaratibu limekula akiba hiyo zaidi ya mara saba.

Usalama unatofautiana?

Msingi ni uleule na hauna mjadala. Mdomo wa bastola hautoki kwenye pembe salama. Kidole kiko nje ya kilinda kifyatulio unapohama, unapobadilisha magazini na unapotatua bastola iliyokwama. Risasi ikitoka bila kukusudia au bastola ikianguka, siku yako imekwisha. Bastola ikianguka usiiokote. Afisa ndiye atakayeiokota. Nje ya amri za afisa bastola haina risasi, na ukitaka kuishika kwa sababu yoyote nenda kwenye eneo la usalama, ambako risasi haziguswi hata kidogo.

Kilichoongezeka ni mikao. IDPA hupenda kukuanzisha umekaa kwenye kiti, umelala chali, au uko kwenye usukani. Ukikaa, mapaja yako yako mbele ya holsta. Toa bastola ielekee mbele kabla ya kusimama, na usikubali mdomo wake upite juu ya goti lako. Usipoelewa namna salama ya kuanza, muulize afisa kabla ya amri ya kujaza. Hakuna afisa atakayekasirika, na huulizi peke yako. Aliye nyuma yako anasubiri jibu hilohilo.

Je, nitaiharibu IPSC yangu?

Sioni hivyo. IDPA itakufundisha kuona kilengeo kwenye kila risasi na kukubali risasi ikiwa nzuri tu, na tabia hiyo ukiirudisha IPSC, D na zile za kukosa zinapungua. Kukosa moja katika IPSC ni pointi 15 ukijumlisha na ile 5 uliyoipoteza, kiasi ambacho kasi yako haikilipi. Ukienda upande wa pili, IPSC inakupa miguu, uwezo wa kusoma uwanja na ujasiri wa kupiga unapohama, mambo ambayo wapiga shabaha waliokulia IDPA peke yake huchelewa kuyapata.

Kinachovuja kati ya michezo hii miwili ni tabia ndogo ndogo: kusitasita kwenye kona za IPSC, au kuangusha magazini yenye risasi katika IDPA. Kuijua hali hiyo kunatosha. Unapopitia steji, jikumbushe uko kwenye mchezo gani leo.

Si ni mafunzo ya kujihami, basi?

Hapana, na nalisema kwa msisitizo. IDPA ni mchezo wenye visa. Unafahamu idadi ya shabaha, umezipitia kwa macho, na mlio wa taima ndio unaokuambia uanze. Mambo mazito zaidi katika kujihami, kama kutambua hatari mapema, kuondoka, kujua sheria inasema nini na kutofyatua kabisa, hayamo kwenye kadibodi. Mchezo unakupa ustadi wa kushika silaha ukiwa na presha, na huo ni ustadi wa thamani. Asiyetofautisha viwili hivi nisingependa awe kwenye kikosi changu.

Kuna mitindo mingine ya kujaribu?

Ipo, na mingine ni rahisi kuingia kuliko IDPA. Steel Challenge, ambayo Mike Dalton na Mike Fichman waliianzisha mwaka 1981, ina steji nane zisizobadilika, kila moja na mabamba matano ya chuma, la mwisho likiwa la kusimamishia muda. Unarudia kila steji mara tano na ile ya polepole zaidi inaondolewa, isipokuwa Outer Limits, ambako unarudia mara nne. Hakuna mpangilio wa kukumbuka na hakuna kukimbia, ila hatua chache kwenye hiyo Outer Limits. Kwa mtu anayetaka kupima namna anavyotoa bastola na kuihamisha kutoka shabaha hadi shabaha, sijui kipimo kilicho wazi zaidi.

Bianchi Cup, iliyoanzishwa na John Bianchi mwaka 1979, inaelekea upande wa usahihi: risasi 192, pointi 1,920 kwa ukamilifu. Doug Koenig alikuwa wa kwanza kuzifikisha zote, mwaka 1990. Huko risasi moja iliyotoka nje inakuandama mechi nzima.

Nifanye mazoezi gani kabla ya mechi ya kwanza?

Bila risasi, nyumbani, na risasi zote zikiwa chumba kingine. Kagua bastola, ikague tena, na uelekee ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu. Kazi kubwa iwe kutoa bastola chini ya kizibao, polepole hadi kitambaa kisikwame kabisa, ndipo uongeze mwendo. Kisha tumia fremu ya mlango kama kona: bandika karatasi tatu chumba cha pili na uzifungue moja baada ya nyingine kwa nusu hatua. Malizia na kubadilisha magazini slaidi ikiwa nyuma, kwa kuwa watu wa IPSC huwa hawaizoei hali hiyo. Wao hubadilisha kabla haijafika hapo.

Uwanjani, weka shabaha ya IDPA na ujitafutie mwendo ambao risasi zote zinabaki ndani ya lile duara la sentimita 20 kwa umbali wa mita 7, 10 na 15. Mwendo huo ndio wa mechi. Jaribio la daraja liitwalo 5x5 ni kipimo kizuri cha kuanzia: risasi 25 kwa umbali wa yadi 10, kwa milolongo inayojumuisha kupiga kwa mkono mmoja na kubadilisha magazini. Madaraja yanaanzia Novice na kupanda kupitia Marksman, Sharpshooter, Expert na Master hadi Distinguished Master. Usishangae daraja lako la hapa likitofautiana na lile la IPSC.

Siku yenyewe nijipangie nini?

Waambie mapema kwamba ni mechi yako ya kwanza ya IDPA, na uombe kupiga katikati ya kikosi badala ya kuanza. Sikiliza maelezo ya steji hadi mwisho. Ya IDPA ni marefu na neno moja linaweza kuwa na adhabu ndani yake. Unapopitia steji usinyooshe mikono kama unayeshika bastola, hilo haliruhusiwi. Mtazame mzoefu mmoja, na umtazame miguu.

Lengo liwe kumaliza steji zote bila kosa la utaratibu na bila kumpiga asiyehusika. Nafasi yako kwenye orodha usiiangalie leo. Angalia pointi ulizopoteza, steji kwa steji. Zikizidi idadi ya sekunde ulizoachwa na aliye juu yako, punguza mwendo mechi ijayo. Zikiwa chache na bado umeachwa mbali, tatizo liko kwenye miguu na magazini. Kati ya zamu zako, bandika viraka kwenye shabaha pamoja na wenzako na utazame matundu ya wengine kabla hayajafunikwa, ujue wenye muda mzuri wanapiga wapi.